Yale majani kwenye nguzo za Wagiriki

Umeuliza kama mafundi wa Ugiriki ya kale walikuwa wanakopi tu majani waliyoyaona. Sio hivyo ndugu yangu, mengi hayakutoka shambani kabisa, ule mstari wa maua ya yungiyungi na majani yaliyotandazwa kama feni pale hekalu la Erechtheion, Athens, asili yake ni urembo wa Misri na nchi za mashariki, Wagiriki wakaupokea wakauunganisha na vikonyo vinavyojiviringa mpaka ukawa mkanda mmoja unaotembea ukutani bila kukatika, na hapo ndo ufundi wao ulipo.

Akanthusi, ule mmea wa majani makubwa yenye ncha ncha, ndo inachanganya watu. Vitruvius, yule msanifu majengo Mrumi, anasimulia kwamba Callimachus, mchongaji wa Kigiriki, aliona kikapu juu ya kaburi la binti wa Korintho, kimefunikwa kigae, akanthusi imeota chini majani yakakizunguka, basi akapata wazo la kichwa cha nguzo cha mtindo wa Korintho. Hadithi tamu kweli, ila mwaka 1893 Alois Riegl, mwanahistoria wa sanaa wa Austria, alibisha, akasema jani lile lilikua taratibu kutoka kwenye urembo wa zamani, mafundi wakilichonga na kulibadili mpaka likafanana na akanthusi. Mi nipo upande wake kwa sehemu kubwa. Angalia vichwa vya nguzo vya mnara wa Lysicrates kule Athens, wa 334 KK, majani yamepangwa kwa safu, ncha zimekunjwa nje, mmea porini hauoti hivyo hata siku moja, hiyo ni akili ya fundi anayejua nguzo ni ya duara na kibao cha juu kina pembe nne.