Sera za umma au uchumi? Majibu ya mtu aliyeingia na sosholojia

Mkuu, umesema una shahada ya sosholojia, umepata nafasi ya uzamili kwenye shule kuu ya sayansi za jamii na sera za umma, na nyumbani wanakwambia hiyo ni "siasa tu", ukasome uchumi. Mimi niliingia na sosholojia kama wewe, nikatoka baada ya miaka miwili. Acha nikupe niliyoyaona.

Nilienda nikijua tutabishana kuhusu haki na usawa. Wiki ya pili tukawekewa jedwali: maombi ya uzamili chuo cha Berkeley, Marekani, mwaka 1973. Wanaume walipokelewa asilimia 44 hivi, wanawake 35. Darasa zima likatoa hukumu: ubaguzi. Mwalimu akanyamaza, kisha akasema, "Haya, igaweni kwa idara." Tukagawa. Pengo likayeyuka, na kwenye idara kadhaa wanawake ndio walikuwa mbele. Kumbe wengi wao waliomba idara zinazochukua watu wachache, wanaume wakaenda kwa wingi kwenye zenye nafasi. Nikafurahi kwamba mjadala umeisha. Haukuisha. Akauliza: nani aliwaelekeza huko, tangu wakiwa na umri gani? Hapo sosholojia yangu, niliyokuwa nimeanza kuionea aibu, ikapata kazi. Takwimu zilituonyesha pa kuchimba, lakini kuchimba kwenyewe kulihitaji mtu anayejua malezi, shule na matarajio ya jamii.

Kwa hiyo hesabu huzikwepi. Uchumi wanaokutajia utaukuta humo humo, pamoja na regresheni (kupima kwa takwimu jinsi jambo moja linavyohusiana na jingine), sampuli na madodoso. Na hao wanaosema "siasa tu" waambie Elinor Ostrom alikuwa mtu wa sayansi ya siasa, na mwaka 2009 akapata Nobel ya uchumi kwa kuchunguza jinsi watu wanavyotunza misitu, maji na maeneo ya uvuvi wanayoyamiliki kwa pamoja.

Kilichonitesa zaidi ni kuandika. Kazi yangu ya kwanza ya waraka wa sera ilikuwa kurasa 14, nadharia zimejaa, marejeo ya kutosha, nikajua hapa napiga A. Ilirudi na mstari mmoja wa kalamu nyekundu juu ya ukurasa wa kwanza: "Unataka nifanye nini?" Basi. Niliirudia mara tatu hadi ikawa kurasa mbili: tatizo, njia tatu za kulikabili, gharama ya kila njia, nani atapinga, napendekeza ipi. Hiyo ya "nani atapinga" ndiyo wengi tunairuka. Unapendekeza kitu kizuri kabisa, kumbe afisa wa ngazi ya chini anayetakiwa kukitekeleza ana foleni ya watu mlangoni na hana hata muda wa kusoma mwongozo wako.

Mafunzo kwa vitendo yaangalie kwa jicho kali. Mimi nilipelekwa ofisi moja nikakaa wiki nane nikipanga mafaili, maana chuo kilinitupa pale bila kukubaliana nao kazi yangu ni ipi. Mwenzangu alijitafutia mwenyewe, akaomba kukaa na timu ya tathmini, akatoka na data za tasnifu yake. Waulize wahitimu, si ofisi ya udahili.

Halafu omba mtaala kabla hujalipa ada. Takwimu zikiwa somo la hiari, ningesita sana. Majina makubwa ya wahadhiri hayakusaidii kama wako safarini muhula mzima na unafundishwa na wasaidizi.

Ukishaamua, toa vumbi vitabu vyako vya hesabu za sekondari. Anza na logi, yaani logarithimu. Mimi nilizikuta kwenye mhadhara wa tatu, na nilikuwa nimeshasahau hata zinasomwaje.