Mibuni yangu inanyauka na chini kuna maranda: ni mdudu gani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Baba ameniachia shamba la kahawa ya arabika huku Mbozi. Tangu kiangazi kianze, baadhi ya mibuni imekuwa ya njano, majani yanalegea mchana, na chini ya shina naona vitu kama maranda ya seremala. Jirani ananishauri nipulizie majani dawa kila wiki mbili. Baba alikuwa akipaka mashina dawa ambayo siku hizi madukani haipo. Mvua zilizopita niliokota mbawakawa wa kijivu mwenye vipapasio virefu kuliko mwili. Je, ndiye huyo? Na mibuni iliyokwisha kufa naweza kuifanya kuni?
Msomaji, Mbozi, Songwe

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Kwa dalili ulizozitaja, huyo ni bungua mweupe wa kahawa, mdudu anayetoboa mashina, ambaye wataalamu humwita Monochamus leuconotus. Kabla hujatumia shilingi moja kwenye dawa ya majani, fahamu kwamba adui yako hayuko kwenye majani. Yuko ndani ya shina, na huenda ameishi humo zaidi ya mwaka mzima.

Mbawakawa uliyemwokota ni hatua ya mwisho ya maisha yake. Ana urefu wa sentimita 3 hivi, mabawa ya juu yana weupe wa kijivu wenye madoa ya kahawia, na dume ndiye mwenye vipapasio virefu zaidi. Hutoka kwenye shina mvua zinapoanza, akaguguna magome ya vitawi vichanga, hasara ndogo tu, kisha akajamiiana. Jike hushuka hadi sehemu ya chini ya shina, kwa kawaida nusu mita ya kwanza kutoka ardhini, akatafuta mahali gome lilipopasuka au kukwaruzika. Hapo hutoboa mkato mdogo kwa meno na kuingiza yai moja chini ya gome, kisha huenda kutafuta mahali pengine.

Baada ya wiki tatu hivi yai huanguliwa, na hapo ndipo mbuni wako unapoanza kuumia. Buu ni mweupe, hana miguu, kichwa chake ni cha kahawia. Mwanzoni haingii kwenye mti mgumu wa ndani. Hukaa chini ya gome akila tabaka laini, akizunguka shina na kushuka kuelekea mizizini. Tabaka hilo ndimo chakula kilichotengenezwa na majani hupita kwenda kwenye mizizi. Buu akilikata pande zote, mizizi hufa njaa, na ndiyo maana mbuni unageuka njano na kulegea kiangazi hata kama ardhini bado kuna unyevu. Mbuni mchanga hufa. Mkubwa unaweza kuvumilia, ila mavuno hushuka. Baadaye buu hutoboa ndani ya mti na kujichimbia njia, akisukuma nje maranda unayoyaona. Akikomaa hugeuka pupa, hatua ya kutulia kabla ya kuwa mbawakawa, humo humo. Tangu yai hadi mbawakawa kutoka kwenye tundu la mviringo ni karibu miaka miwili, wakati mwingine zaidi kidogo. Kwa hiyo mbuni unaonyauka leo ulitagwa misimu iliyopita, na dawa ya kupulizia majani haimfikii buu hata tone.

Usimchanganye na bungua mwenye kichwa cha njano, jamaa yake. Huyo huanzia juu: ncha ya tawi hunyauka kwanza, na kando ya tawi huacha safu ya vitundu kama filimbi. Wako umeanzia chini.

Dawa ya baba huenda ilikuwa dieldrini, iliyotumika sana kupaka mashina zamani. Ilifanya kazi, lakini hukaa kwenye udongo na miilini kwa miaka mingi, na ni miongoni mwa kemikali zilizopigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, makubaliano ya kimataifa kuhusu kemikali kama hizo. Ukikuta mabaki ya kopo stoo, usiyaguse. Mwite bwana shamba. Yeye pia atakuambia kiuatilifu cha kupaka mashina kilichosajiliwa kwa kahawa.

Kazi kubwa ni ya mikono. Fukua kidogo shingo ya kila mbuni, pale shina linapoingia ardhini, uangalie kama kuna maranda. Palipo na tundu, ingiza spoki ya baiskeli, ifuate njia na kuizungusha. Ikitoka na majimaji meupe, umempata. Kama njia bado iko chini ya gome, ifungue kwa kisu kidogo umtoe. Halafu, kabla ya mvua za Novemba, sugua mashina kwa gunzi la mahindi au kipande cha gunia, kuanzia ardhini hadi nusu mita, mpaka magamba makavu na nyufa viondoke. Usifikie tabaka la kijani. Jike hapendi shina laini, na mayai yaliyo juu juu huharibika. Rudia kila mwaka, maana kwa mzunguko wake wa miaka miwili, msimu mmoja hauwezi kukupa jibu.

Kuhusu kuni, hapa nakusihi: usirundike mashina hayo nyumbani kusubiri kupikia. Buu aliyekomaa au pupa aliyemo anaweza kumalizia safari yake na kuruka mvua zikinyesha, akarudi shambani. Ng'oa mbuni pamoja na mizizi minene, kwa sababu mabuu wengine wameshuka humo, na uviteketeze vyote kabla ya mvua. Mashimo hayo unaweza kupanda miche mipya. Ianze kukaguliwa ikifikia mwaka wa pili, shina linapotosha kutagwa.