Riwaya yangu ina kurasa 520, nipunguze?

SWALI: Mhariri shikamoo. Mimi ni mwalimu hapa Kondele, Kisumu. Nimeandika riwaya ya wavuvi wa Dunga imefika kurasa 520, chapta ya kwanza nimewatumia. Marafiki wawili nimewapa wasome na wote wamekwama kabla ya chapta ya tatu, eti nikate. Lakini kitabu kikiwa kidogo si watu watasema sijafanya kazi?

JIBU: Marahaba mwalimu, na hongera, kumaliza mswada si mchezo. Chapta yako nimeisoma na kuna mahali nimependa sana, pale karabai zinawashwa usiku katikati ya ziwa na omena wanaanza kupanda juu wakifuata mwanga, hapo nilikuwa naona kila kitu. Shida ni kwamba kabla nifike hapo nimepitia kurasa 14 za ukoo wa huyo mvuvi, babu, babu ya babu, na hakuna hata mmoja anayerudi kwa hadithi.

Halafu angalia hii: "aliinuka kutoka pale alipokuwa ameketi akasimama wima kisha akaanza kutembea kwa miguu yake kuelekea upande wa ufuo wa ziwa." Si useme tu "aliinuka akaenda ufuoni"? Maneno 19 yamekuwa matatu na hakuna kitu tumepoteza. Ukipitia mswada wote hivyo, kurasa zitapungua sana na hujagusa hadithi.

Hiyo ya kuonekana hujafanya kazi itoe kichwani kabisa. Kufupisha ndiko kazi yenyewe, Blaise Pascal wa Ufaransa mwaka 1656 aliandika kwamba barua yake imekuwa ndefu kwa sababu hakupata muda wa kuifupisha! Na hapa kwetu Mwana Kupona alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858, beti mia na kidogo tu, mpaka leo unasomwa. Sisemi urefu ni mbaya, Utenzi wa Tambuka wa 1728 una beti zaidi ya elfu moja lakini ule unasimulia vita vizima. Wewe una mvuvi mmoja na deni la boti.

Pia fikiria mfuko wa msomaji, kila ukurasa ni karatasi na wino na yeye ndiye analipa.

Kwa hivyo anzia kwa karabai, ukurasa wa 15. Babu akihitajika mtie baadaye kwa sentensi mbili, kisha utume tena tusome.