Pikipiki Inakohoa? Usiguse Skrubu ya Kabureta Kwanza

Skrubu ndogo ya shaba iliyo ubavuni mwa kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, inateswa kuliko skrubu zote za pikipiki. Injini ikikohoa kidogo tu, bisibisi iko pale: nusu mzunguko huku, mzunguko mzima kule, na mwisho hakuna anayekumbuka ilikuwa imekaa wapi. Skrubu hiyo ina springi nyuma yake, haijilegezi ovyo. Kama pikipiki ilikuwa nzima juma lililopita na leo inazimazima, kuna kitu kingine kilichobadilika. Uchafu umeingia, mpira umepasuka, au kuna maji kwenye tangi. Kitafute hicho.

Hapa tunazungumzia Honda CG125 na ndugu zake wengi wa Kichina waliojengwa kwa kuiga injini hiyo, zile za 125 na 150 zilizojaa kwenye vijiwe vya bodaboda. Nyingi zina kabureta za aina ya PZ, kama PZ26 na PZ27, ambazo pistoni yake (si ile ya injini, ni ile inayopanda na kushuka kooni mwa kabureta kufungua njia ya hewa) inavutwa moja kwa moja na waya wa mafuta. Pikipiki za zamani zenye kabureta ya Mikuni ya pistoni ya namna hiyo utazichunguza vilevile. Kinachobadilika ni namba za jeti, vile vipande vya shaba vyenye tundu dogo linalopima petroli, na mahali skrubu zilipokaa.

Anza na plagi, maana matatizo mengi yanayoitwa ya kabureta ni ya moto, yaani cheche ya plagi. Ifungue, irudishe kwenye kofia yake, ilaze juu ya chuma cha injini mbali na tundu lake, kisha piga kiki. Unataka cheche ya bluu, kali. Ikiwa ya njano na hafifu, achana na kabureta kwa sasa. Tazama plagi yenyewe, kofia yake na koili. Nafasi ya plagi kwenye CG125 ni milimita 0.6 hadi 0.7. Vali nazo zipimwe nafasi injini ikiwa imepoa kabisa, milimita 0.08 kwa zote mbili. Vali iliyobana inaharibu sailensa, yaani mzunguko wa injini mkono wa mafuta ukiwa umefungwa, kiasi kwamba utaapa ni jeti imeziba.

Ukiwa bado umeishika plagi, itazame usoni. Kahawia ya chai ya maziwa ni nzuri. Nyeusi kavu, ya masizi yanayofutika kwa kidole, ni mafuta mengi. Nyeupe kama chokaa ni mafuta machache au hewa ya wizi, ile inayoingia bila kupitia kabureta. Imelowa petroli? Kabureta inafurika, au cheche haipo. Imelowa oili nyeusi inayoteleza? Hiyo ni kesi ya ringi au sili za vali, na hakuna kabureta mpya itakayoitibu.

Sasa mafuta. Chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa safi, fungua koki. Petroli itiririke mfululizo, isidondoke. Ikianza vizuri kisha ikapungua baada ya dakika moja au mbili, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na mtiririko ukarudi, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba kwa vumbi. Hili ndilo linalofanya pikipiki iende kilomita kadhaa vizuri, izime, ipumzike kando ya barabara, kisha iwake kana kwamba hakuna kilichotokea. Fundi asiyejua atakuuzia kabureta nzima kwa ajili ya tundu la sindano.

Chupa ile iache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, utayaona chini yakiwa matone ya mviringo yanayotembea ukiinamisha chupa. Masika, na kwa wanaonunua petroli ya chupa kando ya barabara, hili ni la kawaida kabisa. Mwaga maji ya tangi na ya bakuli la kabureta kwa skrubu ya chini kabla hujafungua kitu kingine.

Kama moto upo na mafuta yanashuka, muulize mwenye pikipiki swali moja: inasumbua mkono wa mafuta ukiwa wapi? Bandika kipande cha teipu kwenye mpira wa mkono na kingine kwenye kishikio chake, uweke alama za kufungwa, robo, nusu, robo tatu na mwisho. Endesha, utazame. Kuanzia kufungwa hadi karibu moja ya nane, injini inalishwa na jeti ndogo na ile skrubu ya pembeni. Kutoka hapo hadi robo, mkato wa chini ya pistoni ndio unaotawala. Robo hadi robo tatu ni sindano inayoning'inia chini ya pistoni. Kuanzia robo tatu hadi mwisho ni jeti kubwa. Kwa hiyo pikipiki inayozima kwenye foleni lakini inapaa ukifungua mafuta haina shida ya jeti kubwa, na inayowaka vizuri asubuhi lakini inakosa nguvu kilimani ikiwa imefunguliwa yote haitaponywa na skrubu ya pembeni hata ukiizungusha hadi jioni.

Choki, ile inayopunguza hewa ili petroli izidi, ni kipimo cha bure. Injini ikiwa imepata moto, vuta choki kidogo. Ikitulia au ikapata nguvu, ilikuwa na njaa ya mafuta: jeti imeziba au hewa inaingia pasipostahili. Ikizidi kuwa mbaya na kutoa moshi mweusi, ilikuwa imeshiba tayari. Katika hali hiyo fungua kwanza ea klina. Sponji iliyojaa vumbi la barabara ya murramu inatosha kuilevya injini kwa petroli.

Hewa ya wizi ina dalili yake: sailensa inapanda yenyewe, na ukiachia mkono wa mafuta injini inachelewa kushuka. Iache iwake, nyunyiza maji kidogo kwenye ungio la kabureta na manifoldi, bomba linaloiunganisha na injini. Mlio ukibadilika, umepata. Usitumie petroli kwa kipimo hiki, ekzosi ina moto. Kwenye CG mkosaji mara nyingi ni oringi (mpira wa duara) iliyokauka ya kwenye flenji, ule uso bapa wa kabureta wenye matundu ya boliti, au flenji yenyewe iliyopinda kwa sababu mtu alikaza boliti mbili zile kwa hasira. Ilaze flenji juu ya kioo. Ikicheza, bandika msasa laini juu ya kioo hichohicho uisugue kwa duara hadi ikae sawa. Weka oringi mpya, kisha kaza boliti kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo, kwa spana fupi ya namba 10.

Ukifika kwenye kufungua kabureta, funga koki na usiwe karibu na jiko wala mvuta sigara. Tandika kitambaa cheupe ili kitakachodondoka kionekane. Kabla ya kuitoa skrubu ya pembeni, iingize taratibu hadi iguse mwisho huku ukihesabu mizunguko, uandike: moja na nusu, mbili, chochote kile. Ikigusa, acha. Ukiilazimisha, ncha yake inapanua tundu lake na hapo kabureta imekwisha. Skrubu za bakuli zinaliwa vichwa kirahisi. Tumia bisibisi ya nyota inayojaa vizuri, na ikikataa gonga mpini wake kwa nyundo ndogo kwanza.

Mkosaji mkuu ni jeti ndogo. Kwenye jeti za Keihin, kampuni ya kabureta ya Kijapani, namba inakaribiana na upana wa tundu kwa mia za milimita, yaani jeti namba 38 ina tundu la kama milimita 0.38. Punje moja ya kutu ya tangi inalimaliza. Ishike juu ya mwanga: unatakiwa kuona duara kamili. Ukiona mwezi mchanga, bado. Ute wa kijani au kahawia ni petroli iliyokaa miezi bila pikipiki kuwashwa. Loweka jeti kwenye dawa ya kusafishia kabureta, kisha pitisha uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Waya wa chuma hapana, wala sindano ya kushonea, kwa sababu jeti ni ya shaba laini na ukiikwangua umeongeza namba bila kujua. Baadhi ya kabureta za Kichina jeti ndogo imepigwa kwa nguvu na haitoki. Usipambane nayo, isafishe ikiwa humohumo.

Halafu kuna njia zenyewe, ambazo wengi wanazisahau. Toa mipira yote kwanza, maana thina na dawa kali huivimbisha. Pulizia dawa kwenye tundu la jeti ndogo huku ukitazama kooni mwa kabureta: kuna vitundu vidogo karibu na ukingo wa pistoni, upande wa injini, na dawa lazima itokee hapo. Ziba kimoja kwa kidole, itokee kwingine. Malizia kwa upepo wa fundi pancha, ukivaa miwani.

Kabureta inayovuja kwa mpira wa chini ina tatizo la floti, boya linaloelea ndani ya bakuli, au vali yake. Geuza kabureta juu chini, floti iikalie vali kwa uzito wake, kisha puliza kwa mdomo kwenye njia ya petroli. Upepo usipite. Ukipita, tazama ncha ya mpira ya vali; ikiwa na mfereji wa duara, badilisha. Floti nayo itikise sikioni, ukisikia petroli ndani imetoboka. Na kama ilikuwa inavuja usiku kucha koki ikiwa wazi, nusa oili ya injini. Ikinuka petroli, au imepanda kwenye kipimo, imwage yote kabla ya kuwasha, maana oili iliyochanganyika na petroli inaua beringi na silinda.

Wakati wa kufunga, mkato wa pistoni uelekee ea klina, na mfereji wa ubavuni uingie kwenye kipini chake. Fungua mkono wa mafuta na uuachie mara tatu nne. Kila ukiachia usikie “tak” ya pistoni kugonga chini. Usipoisikia, usipige kiki: injini itawaka ikiunguruma mwisho wa nguvu.

Sasa ndipo skrubu ya pembeni inapopata zamu. Irudishe kwenye hesabu uliyoandika, pasha injini moto kwa dakika kumi, tafuta mahali inapozunguka haraka na kwa utulivu zaidi, kisha shusha sailensa kwa skrubu inayoinua pistoni hadi kama mizunguko 1,400 kwa dakika. Skrubu iliyo upande wa ea klina inapima hewa: ukiifungua mchanganyiko unakuwa mwepesi, yaani petroli kidogo. Iliyo upande wa injini inapima mafuta: ukiifungua unakuwa mzito, yaani petroli nyingi. Kuyachanganya haya mawili kumepoteza mchana mzima wa watu wengi. Sindano ikihitaji kuguswa, klipu iliyo juu yake ikipanda mfereji mmoja sindano inashuka na mafuta yanapungua; ikishuka, yanaongezeka. Mfereji mmoja, jaribu, ndipo uamue.

Pikipiki iliyopangwa Dar es Salaam ikahamia Mbeya, mita kama 1,700 juu ya bahari, mchanganyiko wake utakuwa mzito hata kama haina kosa, kwa kuwa hewa ya kule ni nyepesi kwa karibu asilimia 15. Jeti kubwa iliyo hatua moja au mbili chini ya ile ya asili kwa kawaida inatosha, na ukirudi pwani irudishe ya zamani, kwa sababu injini yenye njaa ya mafuta kwenye joto la pwani inaweza kuunguza pistoni ya injini.

Mwisho, shika pistoni ya kabureta ikiwa ndani na uitikise mbele na nyuma. Ikicheza waziwazi na ukuta wake una mikwaruzo, hewa inapita pembeni yake na sailensa haitatulia kamwe. Hapo nunua kabureta nyingine ya namba ileile, ukilinganisha upana wa koo na umbali wa matundu ya boliti. Jeti zako za asili usizitupe. Kwenye jeti za bei ya chini namba iliyochapwa na tundu lililotobolewa mara nyingi havifanani, na pikipiki ikikataa kutulia na kabureta mpya, jeti za kwanza kujaribu ni hizo za zamani.