Muulize Fundi: Bedford ya Babu Imekwama, Ringi Mpya Zitatosha?

SWALI: Sasa Fundi, mimi si makanika, nafanya kazi ya ofisi hapa tao lakini wikendi napenda kushika spana. Babu alituachia lori, Bedford TJ ya dizeli silinda sita, ilikuwa inabeba mawe na mchanga miaka hiyo, saa hii iko kwa ploti Ruai na kuku wanalala kwa kebini. Nataka kuifufua mwenyewe. Krenki (ule mhimili unaozungushwa na pistoni) haizunguki hata kidogo. Fundi mmoja wa mtaa anasema niweke ringi za pistoni na gasketi tu itawaka, mwingine anasema lazima riboo, yaani kupanua silinda, na pistoni mpya, halafu kuna jamaa wa Grogan, kule kwa spea za magari, ako na seti ya pistoni ananiambia niharakishe kabla mtu mwingine hajachukua. Nimsikize nani? – Mpenda Vyuma, Ruai

JIBU: Kwa sasa usisikize yeyote kati ya hao watatu, maana hakuna hata mmoja amepima. Huyo wa Grogan mwache akae na pistoni zake kwanza. TJ zilianza kutoka Uingereza 1958, na lori iliyobeba mawe hapa kwetu lazima injini ilishafunguliwa, kwa hivyo hizo silinda huenda zilishapanuliwa kitambo. Ukinunua pistoni za saizi ya kawaida na silinda zishapanuliwa, hizo ni pambo la nyumba, na unajua risiti za huko vile huandikwa, mali ikiuzwa hairudishwi.

Tuanze na hiyo kukwama. Usiivute na gari ingine ikiwa kwa gia ati itaachilia, hapo ndio watu huvunja ringi na kupinda konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki). Toa nozo zote sita, zile za kupuliza dizeli, mwaga kwa kila tundu dizeli iliyochanganywa na oili ya gia otomatiki, iache siku kadhaa ukiongezea. Kisha weka soketi kwa nati ya mbele ya krenki na bomba refu, uisukume mbele na nyuma polepole, ikisogea hata upana wa kidole hiyo ishakubali. Ikikataa kabisa, toa hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, uone ni silinda gani imeshika kutu.

Na bolti za hiyo gari ni za inchi, tafadhali. Spana ya 13 itaingia kwa bolti yenye kichwa cha nusu inchi na utafurahi, halafu ukitia nguvu inateleza inakula kona zote, kwa sababu nusu inchi ni milimita 12.7. Ya 19 ndio haina neno, inakaribia kabisa robo tatu.

Ukifungua, kofia za meni beringi (zile zinazoshika krenki) na za konrodi usizichanganye, kila moja ilichongwa ikiwa mahali pake, ukiibadilisha krenki itabana. Vavu na pushirodi (vijiti vya kusukuma vavu) zichomeke kwa katoni iliyotobolewa na uandike namba.

Sasa kupima. Kama huna geji ya silinda, chukua ringi moja, isukume ndani ya silinda na pistoni iliyogeuzwa kichwa chini ili ikae sawa, karibu na juu pale ringi ya kwanza hufika, kwa sababu hapo ndio silinda huliwa zaidi. Pima ile nafasi kati ya ncha zake na fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Isukume mpaka chini kabisa, pima tena. Toa ndogo kwa kubwa, gawa kwa 3.14, na hiyo ndio silinda imepanuka. Tofauti ikiwa milimita 0.75, silinda imeliwa karibu milimita 0.24, na hapo ringi mpya ni kutupa pesa, itakunywa oili vile vile.

Kwa hivyo peleka bloki, hedi na krenki kwa wale wa mashine Industrial Area, waulize kama bloki ina slivu (bomba la chuma linalokaa ndani ya silinda), wapime, wakague nyufa kwa hedi katikati ya vavu, wakuandikie saizi. Krenki ikisagwa itaenda chini 0.010 ama 0.020 ya inchi na beringi lazima zifuate hiyo. Ukishapata hiyo karatasi, sasa rudi Grogan.

Siku ya kuwasha, zungusha injini na stata dizeli ikiwa imefungwa mpaka uone presha ya oili, na uwe na ubao bapa wa kufunika mdomo wa hewa, kwa sababu dizeli ikianza kujiendesha kwa oili yake yenyewe haizimwi na swichi. Usitumie mkono, itauvuta.

SWALI: Yangu ni pikapu ya petroli ya miaka ya 60, hedi iko chini tayari. Nimesikia petroli ya siku hizi inaharibu injini za zamani, ni kweli? – Mama Njeri, Kasarani

JIBU: Kuna ukweli, Mama. Petroli ya zamani ilikuwa na madini ya risasi na hiyo risasi ilikuwa inalinda viti vya vavu za egzosti. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzo wa 2006. Viti laini vikiendeshwa kwa kasi na mzigo vinaliwa, vavu inazama, nafasi ya tapeti (ule upenyo kati ya vavu na kinachoisukuma) inapotea, gari inakosa nguvu. Kwa vile hedi iko chini, waambie wakuwekee viti vigumu upande wa egzosti kabla hawajaiskimu, yaani kuisawazisha uso kwa mashine. Ukiendesha polepole hapa mtaani tu, hata vya zamani vitakaa, wewe chunguza nafasi ya tapeti mara kwa mara, ikiendelea kupungua ndio ujue.