Naimba "Mungu ni mwaminifu" lakini sauti haitoki

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Huu ni mwaka wa 11 tangu niokoke. Naimba kwaya na nafundisha watoto Jumapili. Mimba yangu ya kwanza iliharibika. Ya pili ilifika miezi minane, nikajifungua mtoto akiwa ameshafariki. Nimefunga, nimekesha, nimetoa sadaka, nimewekewa mikono na watumishi wengi. Mmoja wao aliniambia imani yangu ina ufa. Siku hizi nikiomba ni kama naongea na ukuta. Kwaya ikiimba kwamba Mungu ni mwaminifu, nafungua mdomo tu, sauti haitoki. Je, nimemkosea Mungu kwa kukata tamaa? Na uaminifu wake kwangu uko wapi?

JIBU: Asifiwe milele, dada yangu. Pole sana. Pole kwa ile mimba ya kwanza, na pole kwa mtoto uliyemzaa ukamzika. Kama hukumpa jina na moyo wako unataka kumpa, mpe. Ni mwanao.

Nianze na hilo la ufa, maana naona ndilo lililoingia ndani kuliko yote. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, na hizo ndizo siku walizomfaa. Walipofungua midomo na kuanza kumtafutia kosa, waliharibu. Mwisho wa kitabu hasira ya Mungu inawawakia wao waliokuwa wakimtetea, na Ayubu aliyelalamika na kuhoji ndiye anayeambiwa awaombee. Nami nina deni hapo. Miaka yangu ya kwanza ya utumishi nilikuwa nikifika msibani namwambia mfiwa asilie kwa kuwa Mungu ana mpango. Nimetubu kwa hilo, na kwa niaba ya aliyekutwisha mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza, nakuomba radhi.

Umeuliza kama kukata tamaa ni kumkosea Mungu. Hapana. Eliya alikaa chini ya mretemu akaomba afe, akasema, "Yatosha." Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kule Asia walilemewa hata wakakata tamaa ya kuishi. Mungu hakumkemea Eliya pale chini ya mti. Alimwacha alale, kisha malaika akamgusa akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Mahubiri hayakuwapo. Neno aliloambiwa ni kwamba ale, kwa sababu safari ni kubwa mno kwake.

Sasa tuje kwenye wimbo wenu. Maneno kwamba uaminifu wa Mungu ni mkuu yanatoka Maombolezo sura ya 3, na nakusihi usome sura nzima, usiishie kwenye ule mstari unaoandikwa kwenye kalenda. Aliyeandika, ambaye mapokeo yanasema ni Yeremia, aliuona Yerusalemu baada ya Wababeli kuuteketeza mwaka 586 KK. Mji ulikuwa umezingirwa karibu mwaka mmoja na nusu, chakula kikaisha kabisa, watoto wachanga wakazimia kwa njaa vifuani mwa mama zao. Hekalu likachomwa moto. Mtu huyo ndiye anayesema kwamba akilia na kuomba msaada, Mungu huyapinga maombi yake. Huo ndio ukuta wako, dada. Umo ndani ya Biblia, sura ileile, mistari michache kabla ya ule mnaouimba.

Halafu anasema, "Najikumbusha neno hili, kwa hiyo nina matumaini." Angalia vizuri: anajikumbusha. Hasemi moyo wake umechangamka, maana mstari wa 18 ametoka kukiri kwamba tumaini lake limepotea. Analichukua neno alilolijua tangu zamani, kwamba rehema za Bwana hazikomi, ni mpya kila asubuhi, analiweka mbele ya macho yaliyovimba kwa kulia. Na hapo ndipo wahubiri wengi tunapofunga Biblia. Yeye hakufunga. Sura ina mistari 66, na akifika wa 48 machozi yanachuruzika tena kama mito. Kitabu chote kinaishia kwenye swali la kama Mungu amewakataa kabisa, na hakuna jibu lililoandikwa chini yake. Kwa hiyo usidhani kwamba ukishasema "Mungu ni mwaminifu" basi hutakiwi kulia tena. Aliyeyasema kwanza alirudi kulia.

Kuna jambo jingine katika neno lenyewe ambalo limenibeba mimi mara nyingi. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa "uaminifu" katika Maombolezo ni *emunah*. Neno hilohilo linatumika Kutoka 17, Israeli walipopigana na Waamaleki. Musa aliinua mikono hadi ikawa mizito. Wakamwekea jiwe akalikalia, Haruni akashika mkono mmoja, Huri akashika wa pili, na mikono ile "ikathibitika" hata jua likachwa. Huko kuthibitika ndiko *emunah*. Ni kutotikisika, kutodondoka. Musa mwenyewe hakuwa nako mabegani mwake jioni ile. Mikono yake ilisimama kwa sababu ilishikwa.

Basi unaposema imani imekuisha, mimi nasikia Musa anasema mikono ni mizito. Hilo haligusi uaminifu wa Mungu hata kidogo. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba sisi tusipoamini, yeye hudumu wa kuaminiwa, kwa maana hawezi kujikana mwenyewe. Uaminifu wake unatoka ndani yake, haupimwi kwa nguvu ya sauti yako kwenye kwaya.

Uaminifu huo kwako uko wapi? Sitakutabiria mtoto. Sina neno hilo kutoka kwa Bwana, na wanaolitoa kwa urahisi wamewavunja wengi. Ninaloweza kukushikisha ni Kristo msalabani, akilia, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Mwana mwenyewe aliongea na ukuta siku ile. Baba hakumshusha Ijumaa. Alimfufua siku ya tatu. Huyo ndiye aliyeahidi kwamba mauti haiwezi kututenga na upendo wake, wala yako wala ya mwanao.

Hata neno la Mungu katika Kiswahili limepita kwenye kaburi la namna hii. Mmisionari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe. Miezi michache baadaye mke alijifungua binti, akafa kwa homa, na mtoto akamfuata baada ya siku chache. Makaburi yao yako ng'ambo ya kisiwa, bara. Mwaka uleule Krapf alianza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili. Sikuletei habari hii ili nikuambie msiba wako lazima uzae kitu kikubwa, hudaiwi matunda. Nataka tu ujue kwamba waliotutangulia waliomba wakiwa wametoka kuzika.

Sasa ya nyumbani. Kula, hata kidogo. Lala. Nenda kliniki wewe na mumeo, mwombe daktari achunguze kwa nini mtoto alifia tumboni. Kuna sababu zinazotibika, na kutibiwa si kukosa imani. Ukiona wiki zinapita hupati usingizi, au wazo la kufa linakujia, usikae nalo peke yako: mwambie mumeo na daktari siku hiyohiyo. Mumeo naye ana msiba wake, hata kama halii mbele yako. Ukishindwa kuomba, soma Zaburi ya 88 kwa sauti. Inaanza gizani na inaishia gizani, na bado ni sala.

Na Jumapili hii usipande jukwaani. Mwambie mwalimu wa kwaya unapumzika. Kaa benchi na dada wawili unaowaamini, mmoja kulia, mmoja kushoto, na kwaya ikiimba kwamba Mungu ni mwaminifu, wewe nyamaza, waimbe wao.