Plastiki Haisahau Joto: Maswali na Majibu

Sampuli ileile ya polipropilini tumeipima mara mbili kwenye kalorimita, mashine inayochora joto ambalo sampuli hupokea au kutoa. Ilipopoa, mara ya kwanza kipeo cha kujengeka kwa fuwele (sehemu ambazo minyororo ya molekuli imejipanga) kilitokea kwenye nyuzi 113 za Selsiasi, mara ya pili kwenye 128. Mashine imeharibika?

Mashine ihakikini kwa indiamu, metali ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 156.6. Ikiwa sawa, angalieni mara ya pili mliipasha sampuli hadi wapi. Polipropilini huyeyuka karibu na nyuzi 160 hadi 165, lakini ukiishia 168 hivi, mabaki madogo ya fuwele za zamani hubaki ndani ya kimiminika ingawa machoni kinaonekana kimeyeyuka chote. Joto likishuka, mabaki hayo huwa viini tayari, na fuwele mpya huanza mapema, kwenye halijoto ya juu zaidi.

Ili kufuta historia hiyo, kata kipande bapa cha miligramu 5 hivi, kikae vizuri kwenye sakafu ya kikombe cha kalorimita. Tumia naitrojeni, mililita 50 kwa dakika. Pasha kwa nyuzi 10 kwa dakika hadi 200, shikilia hapo dakika 5, poza kwa kasi ileile, kisha pasha tena. Usizidishe joto wala muda kwa kudhani utafuta vizuri zaidi: minyororo ya molekuli huanza kukatika, hasa penye oksijeni, na kuanzia hapo unapima kitu kingine.

Upashaji wa kwanza usiutupe. Huo ndio unaosimulia jinsi bidhaa ilivyotengenezwa. Wa pili husema habari za malighafi yenyewe. Anayetafuta chanzo cha bidhaa mbovu halafu akaripoti upashaji wa pili peke yake, amefuta ushahidi wake.

Karatasi ya PET (plastiki ya chupa za maji) inayopitisha mwanga imetoa joto la kuyeyuka la jouli 45 kwa gramu. Je, 45 kugawanya kwa 140, yaani joto la kuyeyuka la PET iliyo fuwele tupu, ndiyo asilimia ya fuwele?

Hapana, kama kwenye mchoro kuna kipeo cha kutoa joto kati ya nyuzi 120 na 140 hivi. Karatasi iliyopozwa ghafla haikupata nafasi ya kujenga fuwele. Ilizijenga ndani ya kalorimita wakati mnaipasha, kisha mkaziyeyusha. Toeni joto hilo kwanza. Kipeo hicho kikiwa jouli 30, hesabu ni (45 − 30) ÷ 140, yaani asilimia 11 hivi. Bila kutoa mngepata 32 na kuamini karatasi ina fuwele nyingi. Kwa PLA (plastiki itokanayo na mimea) kanuni ni hiyohiyo, ila kigawanyo ni 93.

Vifuniko vya polipropilini hutoka kwenye kalibu vikiwa na vipimo sahihi, lakini baada ya siku mbili vimepungua na kupinda. Kwa nini?

Kalibu huenda ni baridi mno, au pande zake mbili hazina joto sawa. Plastiki iliyogusa chuma baridi imegandishwa kabla minyororo haijajipanga. Polipropilini hulegea kuanzia karibu na nyuzi sifuri, hivyo hata ikiwa mezani minyororo huendelea kusogea na fuwele kuongezeka. Fuwele hubana nafasi kuliko sehemu isiyopangika, kwa hiyo kifuniko husinyaa. Upande mmoja ukisinyaa zaidi, kinapinda.

Sawazisheni kwanza maji ya kupoza pande zote mbili. Kisha pandisheni joto la kalibu, tuseme kutoka nyuzi 20 hadi 50, na ongezeni muda wa kupoa. Kifuniko kitasinyaa zaidi ndani ya kalibu na kidogo baadaye, kwa hiyo huenda vipimo vya kalibu vikahitaji kurekebishwa. Pimeni bidhaa baada ya saa 48, si ikiwa bado na moto. PEEK, plastiki inayostahimili joto kali, ni tofauti: hulegea kuanzia nyuzi 143, kwa hiyo kasoro yake hujificha hadi kifaa kipate moto kazini. Kingo za kahawia zinazopitisha mwanga ni dalili kwamba kalibu ilikuwa baridi. Ipelekeni nyuzi 170 hadi 200.

Chembe za PET zimegandamana na kuwa bonge ndani ya kikaushio.

Zilikuwa hazina fuwele. Zikipita nyuzi 80 hivi hulainika na kunata. Zipasheni kwanza huku zikikorogwa bila kusimama, hadi zigeuke nyeupe. Hapo ndipo zikaushwe kwenye nyuzi 160 hadi 170 kwa saa 4 hadi 6, unyevu ushuke chini ya asilimia 0.005.

Kwenye mchoro wa kalorimita, kabla ya kipeo kikuu cha kuyeyuka kuna kilima kidogo. Ni uchafu?

Mara nyingi si uchafu. Plastiki ikikaa muda kwenye halijoto fulani chini ya kuyeyuka, hujenga fuwele nyembamba ambazo baadaye huyeyuka nyuzi chache, pengine 10 hivi, juu ya halijoto hiyo. Kilima kikiwa kwenye 130, kifaa huenda kilikaa karibu na 120. Pasheni mara ya pili: kikitoweka, kilitokana na joto hilo la awali; kikibaki palepale, hapo ndipo mtafute polima nyingine iliyochanganyika.